Kaboni ya China, milima ya Kericho: mwongozo wa kuagiza sehemu za baiskeli moja kwa moja kutoka kiwandani

Chai ya Kericho na Bomet huteremka Mombasa kwa malori, na kabla ya kuuzwa huonjwa. Mnada wa chai ulioanzishwa mwaka 1956, na ambao leo huendeshwa na Chama cha Wafanyabiashara wa Chai wa Afrika Mashariki hapa mjini kwetu, umesimama juu ya ulimi wa muonjaji. Mnunuzi wa Karachi hajawahi kuiona Litein wala Mogogosiek, lakini anatoa fedha zake bila wasiwasi kwa sababu kuna mtu aliyekwishaionja chai ile, akaipa thamani, na gunia likaandikwa gredi yake: BP1, PF1, PD au D1.

Sehemu za baiskeli za kaboni hufuata njia iyo hiyo kwa upande wa pili. Hutoka China, huingia kwa bandari au kwa uwanja wa ndege, kisha hupanda bara. Tofauti ni moja tu: kaboni haina muonjaji. Anayeagiza moja kwa moja kiwandani hukwepa faida ya muuza duka, lakini kazi ya muuza duka haikwepeki. Kukagua, kulipa ushuru, kuhakikisha kipimo, kubadilisha kilichovunjika, yote hayo humwangukia mnunuzi mwenyewe. Makala haya yaeleza kazi hiyo ni ipi na namna ya kuifanya, hasa kwa mtu atakayeendesha kwenye milima ya chai, ambako kosa dogo huweza kugharimu maisha.

Kwa nini milimani wanaitaka kaboni

Kericho mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Bomet haiko mbali na kimo hicho. Ni nchi ya mapafu makubwa. Wilson Kiprugut Chuma, mwana wa Kericho, ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki: shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena kama watu wa nyanda zile wanaweza kukimbia.

Baiskeli ni hadithi nyingine. Mkimbiaji aweza kuanza bila viatu. Mwendesha baiskeli hawezi kuanza bila baiskeli, na baiskeli ya mashindano ina bei ya shamba dogo. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour de France mara nne, lakini wakati huo alikuwa akiendesha kwa bendera ya Uingereza. Kundi la Kenyan Riders la Iten, na baadaye Team Amani, yalijaribu kuwafungulia vijana wa hapa mlango wa mbio za kimataifa. Biniam Girmay wa Eritrea alitwaa jezi ya kijani ya Tour de France mwaka 2024, na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yakafanyika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika. Mlango umefunguka. Kizingiti kilichobaki ni bei ya chombo.

Hapo ndipo kijana wa Sotik au Kapkatet hufungua simu yake, akaona fremu ya kaboni kutoka China kwa dola mia tano au sita, ilhali fremu yenye jina kubwa la Ulaya au Marekani huuzwa kwa maelfu ya dola. Swali lake ni la haki: je, si kitu kimoja?

Kaboni hutengenezwa vipi

Jibu ni ndiyo na siyo. Fremu nyingi zenye majina makubwa nazo hutengenezwa China na Taiwan. Giant, mojawapo ya makampuni makubwa ya baiskeli duniani, ilianzishwa Taiwan mwaka 1972. Xiamen na miji ya mkoa wa Guangdong ina viwanda vingi vya kaboni. Kwa hivyo kule kutoka China peke yake si ila.

Lakini kaboni si kama chuma. Bomba la chuma hutoka kiwandani likiwa chuma tayari, na fundi huliunga tu. Fremu ya kaboni haiwi kaboni mpaka itengenezwe. Nyuzi nyembamba za kaboni zilizolowekwa kwa gundi ya epoksi huja kama mikeka. Wafanyakazi huikata vipande, mara nyingi mamia ya vipande kwa fremu moja, wakavipanga kwa mkono ndani ya kalibu, kila kimoja kwa mwelekeo wake. Kisha mfuko wa hewa hujazwa kwa ndani ili kuvibana, na kalibu hupashwa moto mpaka gundi ikauke na kuwa ngumu.

Nguvu ya fremu basi hutokana na mambo matatu: nyuzi, mpango wa vipande, na umakini wa mikono iliyovipanga. Wauzaji hupenda kutangaza la kwanza tu. Utaona maandishi T700, T800 au T1000. Hayo ni madaraja ya nyuzi za kampuni ya Toray ya Japani, na hayasemi lolote juu ya mpango wala mikono. Ni kama neno Kericho juu ya pakiti ya chai: lakwambia majani yalikomea wapi, halikwambii yalichunwa vipi wala yalikaa siku ngapi kabla ya kufika kiwandani. Mkunjo mmoja wa mkeka au kiputo kimoja cha hewa mahali pabaya huidhoofisha fremu ya T1000 ikawa dhaifu kuliko ya T700 iliyotengenezwa sawasawa. Na ila hiyo iko ndani, chini ya rangi, isipoonekana kwa macho.

Aina tatu za wauzaji

Wa kwanza ni viwanda na makampuni ya China yenye jina lake yenyewe na yanayouza moja kwa moja kwa mtumiaji. Winspace, Light Bicycle, Yoeleo, Farsports na Elitewheels ni miongoni mwa majina yanayojulikana na waendeshaji duniani. Bei yao si ya chini kabisa, lakini jina lao ndilo mtaji wao. Bidhaa ikivunjika, wana cha kupoteza.

Wa pili ni wauzaji wa kalibu ya wazi. Maana yake ni kwamba kiwanda kinamiliki kalibu ya fremu fulani na kumuuzia yeyote, kwa stika yoyote anayotaka. Fremu iyo hiyo yaweza kuuzwa kwa majina kumi na bei kumi. Humu mna mali nzuri na mna mali mbovu. La muhimu ni kujua kiwanda kilichotengeneza na namba ya modeli, si jina lililobandikwa.

Wa tatu ni wauza bandia. Ukiona fremu ya jina kubwa la Italia au Marekani kwa robo ya bei yake, jua si punguzo. Ni wizi wa jina, na aliyetengeneza alijua tangu mwanzo kwamba hutampata. Mbali na hatari ya kuvunjika, Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 inairuhusu serikali kuikamata, nawe huna wa kumdai. Hapa shauri ni fupi: usinunue.

Gharama halisi ya mlangoni

Bei inayoonekana kwenye simu si bei ya mlangoni. Kuna mambo mawili yanayowashtua wanunuzi wapya.

La kwanza ni uzito wa ukubwa. Makampuni ya kusafirisha kwa ndege hayapimi kilo peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo cha sanduku kwa sentimita, kisha mara nyingi hugawanya kwa 5,000. Sanduku la fremu lenye sentimita 100 kwa 60 kwa 25 linahesabiwa kuwa kilo 30, hata kama fremu ndani yake haifiki kilo mbili. Muulize muuzaji vipimo vya sanduku kabla ya kulipa.

La pili ni kodi. Forodha hutoza juu ya thamani ya bidhaa pamoja na nauli na bima mpaka ifike nchini. Tuchukue mfano wa fremu ambayo kwa jumla hiyo imefika shilingi 60,000, na ushuru wa forodha uwe asilimia 10. Viwango vingine ni vile vilivyokuwapo mwanzoni mwa 2025:

Ushuru wa forodha, asilimia 10 ya 60,000: shilingi 6,000.
Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 ya 66,000: shilingi 10,560.
Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5 ya 60,000: shilingi 1,500.
Tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 2 ya 60,000: shilingi 1,200.

Jumla ya kodi ni 19,260, na fremu imekuwa 79,260 kabla ya ada ya wakala na nauli ya kuipandisha Kericho. Karibu thuluthi imeongezeka. Viwango hivi huweza kubadilika kila sheria ya fedha inapopitishwa, basi mwulize wakala au KRA kiwango cha siku ile. Sehemu za baiskeli ziko chini ya kifungu 8714 cha orodha ya ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Namba hiyo itakuokolea maneno mengi.

Kwa mkulima mdogo hesabu hii ina uso wake. Hata tukiipa kilo moja ya majani mabichi shilingi 25, 79,260 ni zaidi ya kilo 3,100 za majani yaliyochumwa kwa mkono na kubebwa mpaka kituo cha kununulia. Na bonasi kubwa huja mara moja kwa mwaka. Fremu ikivunjika mwezi wa pili, hakuna bonasi nyingine ya kuinunua tena.

Wauzaji wengine watakwambia, "Tutaandika ni zawadi ya dola ishirini." Usikubali. Kwanza ni kudanganya forodha, na anayeshtakiwa ni wewe uliye hapa, si yeye aliye Xiamen. Pili, mzigo ukipotea au ukifika umevunjika, hutalipwa zaidi ya thamani iliyoandikwa.

Uzito unaopungua una faida gani

Kabla ya kutoa fedha yafaa kujua unanunua nini. Mwendeshaji wa kilo 60 na baiskeli ya kilo 10 ni kilo 70 zinazopandishwa mlimani. Ukipunguza kilo moja umepunguza takriban asilimia 1.4 ya kazi ya kupanda. Kwa mlima mkali wa saa nzima hizo ni kama sekunde 50. Kwa mshindani, sekunde 50 ni tofauti ya kushinda na kusahaulika. Kwa mtu anayekwenda kazini au kubeba maziwa, si kitu. Huyo wa pili afadhali achukue chuma: baiskeli ya Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief, ambalo lina karakana ya kuziunganisha Kisumu, imeundwa kubeba mpaka kilo 100, na ikipinda fundi wa kijijini anaijua dawa yake. Kaboni iliyopasuka haina dawa ya kijijini.

Kipi kianze, kipi kiachwe

Kanuni ni hii: anza na kile ambacho kikivunjika utapoteza fedha tu, na uache mwisho kile ambacho kikivunjika utapoteza meno.

Kishikio cha chupa na kiti ni vya kuanzia. Hasara yake ni ndogo, nawe utajifunza njia ya kuagiza, kulipa na kupokea.

Magurudumu hufuata, lakini kwa kampuni yenye jina na kwa breki za diski peke yake. Barabara ya Kericho kwenda Kisumu huteremka zaidi ya mita 700 kabla ya kufika nyanda za Awasi na Ahero. Breki za kubana rimu hulitia joto lote la mteremko ndani ya rimu yenyewe, na gundi ya epoksi ikipita kiwango chake cha joto hulainika. Rimu ya kaboni iliyolainika katikati ya mteremko, nyuma yako lori la chai, haina nafasi ya pili. Breki ya diski hulipeleka joto kwenye sahani ya chuma, mbali na rimu.

Ukiona rimu isiyo na kulabu ya ndani ya kuushika ukingo wa tairi, fahamu kwamba kikomo cha kawaida cha upepo wake ni 72.5 kwa kipimo cha psi, na si kila tairi linafaa kuwekwa humo. Kwa mtu anayejaza upepo kwa pampu isiyo na saa ya kupimia, afadhali rimu yenye kulabu.

Fremu na foki huja baada ya hapo, kutoka kwa muuzaji aliyekwisha kujaribiwa.

Usukani wa kaboni na shingo yake viwe vya mwisho, au visiwe kabisa. Usukani wa alumini wa kampuni inayojulikana huzidi ule wa kaboni kwa gramu mia moja hivi, na bei yake ni ndogo. Usukani ukivunjika hupewi onyo. Uso ndio hufika chini kwanza. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio kule Vermont, Marekani. Alikuwa miongoni mwa bora wetu. Tunamtaja ili ikumbukwe kwamba mchezo huu, hata kwa mjuzi, hauna masihara na mwendo wa kasi.

Kuchagua kwa barabara za chai

Kericho mvua hainyeshi kwa msimu tu. Hunyesha karibu mwaka mzima. Njia za mashambani ni udongo mwekundu unaoteleza na kuganda. Fremu nzuri ya Ulaya yaweza kuwa adha kubwa huko. Angalia haya:

Nafasi ya tairi. Kwa njia za udongo tafuta fremu inayokubali tairi la milimita 40 au zaidi, na nafasi ya tope kupita pembeni.

Mahali pa krenki. Chagua fremu ambayo beringi za krenki hufungwa kwa hesi, si zile zinazoshindiliwa kwa nguvu. Za kushindilia hulia zikiingia tope, na huhitaji kipimo sahihi cha kiwandani ambacho fremu ya bei rahisi aghalabu hukosa.

Nyaya. Fremu za kisasa huficha nyaya zote ndani ya shingo. Zapendeza, lakini kubadilisha beringi moja huwa kufungua breki nzima. Pasipo na karakana kubwa, chukua ile ambayo nyaya huingia ubavuni mwa fremu.

Sikio la dereila. Kipande hiki kidogo cha alumini huvunjika baiskeli ikianguka, na kila fremu ina chake. Agiza viwili vya akiba siku ile ile ya kuagiza fremu, au chagua fremu inayotumia sikio la aina moja kwa wote lililoanzishwa na SRAM. Wapo walioegesha baiskeli ya laki moja kwa kukosa kipande cha shilingi mia chache.

Kwa msomaji wa Pwani adui si tope bali chumvi. Alumini ikigusana na kaboni penye jasho na hewa ya bahari huliwa kutu yake nyeupe, na nguzo ya kiti huganda ndani ya fremu isitoke tena. Paka mafuta maalumu ya kaboni na uitoe nguzo kila baada ya miezi michache.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

Andika maswali haya, uyatume kabla ya kulipa, na uhifadhi majibu.

Kiwanda gani kimetengeneza, na namba ya modeli ni ipi?

Je, modeli hii imepimwa kwa kiwango cha ISO 4210? Nitumie ripoti yenye jina la maabara, tarehe na namba ya modeli. Ripoti ya modeli nyingine si ripoti.

Je, ina idhini ya UCI? Tangu 2011 shirikisho hilo la kimataifa hukagua fremu za mashindano yake. Mbio za mtaani haziitaki, lakini anayeota kufika mbali asinunue fremu atakayokatazwa mstarini.

Kikomo cha uzito wa mwendeshaji ni kilo ngapi?

Dhamana ni ya muda gani, na nauli ya kurudisha inalipwa na nani? Dhamana inayokutaka urudishe fremu China kwa gharama yako si dhamana. Tafuta anayekubali ushahidi wa picha na kutuma nyingine.

Namna anavyojibu ni sehemu ya jibu. Anayekutumia ripoti siku ya pili si sawa na anayekutumia picha za maua na neno "usijali".

Kulipa na kusafirisha

Usitume fedha kwa benki moja kwa moja kwa mtu usiyemjua; zikienda hazirudi. Tumia njia inayoshikilia fedha mpaka upokee, kama zilivyo AliExpress na Alibaba, au PayPal ambayo humpa mnunuzi siku 180 za kufungua malalamiko. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya Visa ya ndani ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2022.

Kitu kidogo kije kwa ndege. Mzigo mkubwa, hasa wa watu kadhaa, ufikiriwe kwa meli. Hukaa wiki nyingi njiani lakini nauli yake kwa kila fremu huwa ndogo zaidi. Hapo ndipo watu wa Mombasa wana faida: wakala wa forodha mwenye leseni mnamfahamu kwa jina, na mnajua kwamba mzigo ukizidisha siku bandarini gharama ya ghala hukimbia kuliko baiskeli yenyewe. Hati zote, yaani ankara, orodha ya vifurushi na PIN ya mwagizaji, ziwe tayari kabla meli haijafika.

Sanduku likifika

Hii ndiyo saa ya kuonja. Piga video tangu sanduku likiwa limefungwa mpaka kila kitu kitoke. Bila video malalamiko mengi hufia hapo.

Tia mwanga wa simu ndani ya fremu, kupitia shingoni na mahali pa krenki. Mikunjo mikubwa, vipande vya plastiki vinavyoning'inia au gundi iliyojaa upande mmoja ni dalili ya kazi ya haraka.

Gonga polepole kwa sarafu kila sehemu ya bomba. Sauti iwe kavu na ya namna moja. Ikibadilika ghafla ikawa nzito na butu, huenda tabaka zimeachana.

Tia gurudumu ambalo unajua limenyooka. Likikaa kombo, fremu ndiyo iliyo kombo.

Kukaza skrubu kwataka spana ya kupimia nguvu. Penye maandishi 5 Nm, iwe tano, si kwa makadirio ya mkono. Fremu nyingi za kaboni huvunjwa na fundi mwenye nguvu kabla hazijavunjwa na barabara. Kwenye nguzo ya kiti paka mafuta ya kaboni yenye chembe za kushika, si grisi ya kawaida.

Safari ya kwanza iwe fupi na ya tambarare. Rudi, kaza tena, angalia nyufa. Siku ya pili ndiyo ya mlima. Na baiskeli ikianguka vibaya, hata kama rangi haikuchubuka, isipande mteremko kabla ya kukaguliwa upya.

Kununua kwa pamoja

Nchi ya chai yajua nguvu ya ushirika kuliko wengi. Mkulima mmoja mwenye gunia moja hana sauti, lakini kiwanda chenye wakulima maelfu hupeleka chai yake mnadani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Klabu ya waendeshaji watano au sita wanaoagiza fremu modeli moja wanapata mambo ambayo mmoja hapati. Nauli hugawanywa. Wakala huwa mmoja. Muuzaji hujibu maswali kwa haraka kwa sababu oda ni kubwa. Vipuri vya mmoja humfaa mwenzake. Na spana ya kupimia nguvu, ambayo peke yako ungeiona ghali, huwa mali ya klabu. Klabu ya Kericho au Bomet ikipata mshirika mmoja Mombasa wa kushughulikia bandari, kila upande una la kumpa mwenzake. Lakini yote yaandikwe: nani ametoa kiasi gani, fremu ipi ni ya nani, na hasara ikitokea itagawanywaje. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kauli ya mwisho

Kuagiza moja kwa moja si ujinga, na si ujanja pia. Kwa kijana mwenye mapafu ya Kericho na mfuko wa Kericho, huenda ndiyo njia pekee ya kufika mstari wa kuanzia akiwa na chombo kinacholingana na cha wenzake. Punguzo analolipata ni la kweli. Ila punguzo hilo ni mshahara wa kazi ambayo sasa ni yake: kuuliza, kuhesabu, kukagua, kukaza kwa kipimo. Asiyekuwa tayari kuifanya kazi hiyo, amlipe muuza duka aifanye; fedha yake haitakuwa imepotea. Anayeifanya nusu nusu ndiye atakayekuja kugundua, katikati ya mteremko, kwamba cha rahisi kilikuwa ghali.